Wish ya Mtu au Sienta ya Yadi? Hesabu ya Familia ya Watu Sita, Bamburi

Tuchukue familia moja ya Bamburi. Mume anafanya kazi Changamwe, mke ni mwalimu Nyali, watoto watatu wa miaka 4, 8 na 13, na bibi mzaa baba ambaye magoti yamemchoka. Mwaka ni 2025. Wana taslimu Sh1,200,000, na Sacco ya mke iko tayari kuwaongezea hadi laki sita kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua.

Magari mezani ni matatu. La kwanza ni Toyota Wish ya 2012, cc 1797, ya mtu, inauzwa kupitia dalali kwa Sh1,200,000. La pili ni Toyota Sienta ya 2018, cc 1496, iliyoshuka melini na bado haijasajiliwa, yadini kwa Sh1,750,000. La tatu ni Nissan Serena ya 2018, cc 1997, kwa Sh2,150,000, na hilo ndilo mume alilolipenda. Bei hizi ni za kupigia hesabu. Ukienda sokoni kesho utakuta nyingine, ila njia ya kuzipima ni ile ile.

Mtu akitaka gari la familia huuliza jina: Toyota au Nissan, Wish au Sienta. Jina lina kazi yake. Linakuambia spea utazipata mjini au utaagiza, na siku ya kuuza utapigiwa simu au utasahaulika. Lakini jina halikuambii gari lililo mbele yako limenyweshwa maji gani, giaboksi lake limetiwa mafuta gani, na limelala miaka mingapi mita mia mbili kutoka baharini.

Serena tuiondoe mapema. Kwanza imepita mfuko kwa karibu laki tatu na nusu hata mkopo wote ukichukuliwa. Pili, injini yake imevuka cc 1500, na ushuru wa bidhaa hupanda hapo kutoka asilimia 20 hadi 25. Ushuru hupandiana. Kwa kila Sh100 za thamani ya forodha unaweka ushuru wa forodha wa asilimia 35, inakuwa 135. Ukiweka asilimia 20 juu yake unapata 162, na VAT ya asilimia 16 inaifikisha karibu 188. Kwa gari la zaidi ya cc 1500 hesabu hiyo hiyo inafika karibu 196, kabla ya tozo ndogo ndogo nyingine. Shilingi nane hizo hulipi kwa kitu unachokiona. Ni cc tu. Tatu, Serena nyingi za aina hii ni zile zilizoandikwa S-Hybrid, na wanunuzi hufikiri ni haibridi kamili. Sivyo. Ni injini ya petroli yenye alternator inayosaidia kidogo, pamoja na betri mbili chini ya boneti, na betri hizo zikichoka hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Ni gari zuri kwa mwenye nafasi ya kulilisha.

Zimebaki mbili, na si za rika moja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo mwaka 2025 yadi zinauza la 2018 kuja juu. Wish iliacha kutengenezwa 2017. Ukiona Wish leo, imeshatumiwa hapa, na historia yake ya karibuni iko Kenya wala si Japani. Hapo ndipo ulinganisho huu unapokuwa mgumu: gari moja lina karatasi za mnada wa Japani, jingine lina maneno ya dalali.

Kilomita kabla ya bei

Bamburi hadi Changamwe kupitia Daraja la Nyali na Makupa ni kama kilomita 18. Kwenda na kurudi siku 240 ni kilomita 8,640. Shule, soko na hospitali tuseme 3,000. Mara mbili kwa mwezi wanavuka kwenda Ukunda kwa jamaa, kilomita 100 kila safari, jumla 2,400. Desemba wanapanda Nairobi na kurudi, 1,000. Jumla ni kama 15,000 kwa mwaka.

Ila hizi si kilomita za barabara kuu. Asubuhi pale darajani kilomita 18 zinaweza kula saa nzima na ushee, AC imewaka, gari linasogea hatua kumi na kusimama. Injini imefanya kazi ya kilomita 50, dashibodi imeandika 18. Ndiyo maana kwa Mombasa oili ya injini hubadilishwa kila kilomita 5,000, hata kama muuzaji wa oili ameandika 10,000 kwenye mkebe.

Kwa matumizi hayo tumeipa Wish kilomita 10.5 kwa lita na Sienta 13.5. Bei ya petroli tunaiweka Sh180, kwa kuwa EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza mpya kila tarehe 14 na haina maana kung'ang'ania senti. Hesabu ni ya miaka mitano, kilomita 75,000.

Wish: kununua 1,200,000. Petroli 1,285,700. Bima kubwa, tukichukua asilimia 4 ya thamani inayoshuka kila mwaka, 205,200. Matengenezo yasiyo ya sevisi ya kawaida, 400,000. Mwishoni inauzwa 650,000 ikiwa na miaka 18. Imewagharimu 2,440,900.

Sienta: kununua 1,750,000, ambapo 550,000 ni mkopo. Petroli 1,000,000. Bima 296,400. Riba ya mkopo kwa miezi 48, ukilipa sehemu sawa ya deni kila mwezi, ni 134,750. Matengenezo 180,000. Inauzwa 1,150,000 ikiwa na miaka 12. Jumla 2,211,150.

Oili, matairi na breki tumeviacha nje kwa sababu vinakaribiana. Tofauti ni kama Sh230,000 kwa miaka mitano, karibu Sh3,800 kwa mwezi, na upande wa Sienta ndio uliotoka mshindi. Wengi wangefunga kitabu hapo.

Wasifunge. Namba mbili katika hesabu hiyo ni za kukisia: matengenezo ya Wish na bei ya kuiuza. Chukua Wish iliyotunzwa, itakayokula laki mbili na nusu badala ya nne, na itakayouzwa laki saba na nusu kwa sababu mabati yake hayajaoza. Gharama yake inashuka hadi 2,190,900, na sasa Wish ndiyo iliyoshinda kwa Sh20,000. Kwa maneno mengine, gari lenye thamani zaidi haliwezi kujulikana mezani. Linajulikana chini ya jeki.

Kuna jambo la pili ambalo jumla hiyo inalificha. Mwezi wa kwanza wa Sienta mkopo unadai Sh16,958, wakati petroli inayookolewa ni kama Sh4,800 kwa mwezi. Kwa miaka minne ya mwanzo Sienta itawabana kila mwisho wa mwezi, hata kama mwisho wa yote ndiyo rahisi. Familia iliyo ukingoni mwa mshahara isidanganyike na jumla ya miaka mitano. Gari linaloingia kwa mkopo mzito hukosa sevisi, na gari lililokosa sevisi huacha kuwa la kutegemewa, liwe la jina gani.

Na bima. Kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari lililovuka miaka 12 hadi 15. Wish ya 2012 imeshafika hapo. Ipigiwe simu kampuni ya bima kabla ya kununua, wapewe jibu la maandishi; wakikataliwa watabaki na ile ya mtu wa tatu, na gari likiibwa au likiungua hasara yote ni yao.

Wish chini ya jeki

Ukaguzi wa gari la mtu huanza kabla ya ufunguo. Muuzaji huambiwa tangu jana yake asiliwashe. Saa moja asubuhi fundi anafika, kabla ya kusalimiana vizuri anaweka kiganja juu ya boneti. Lina joto.

"Nilipitia petroli tu, mamangu," dalali anamwambia mke.

Labda. Lakini gari lililopashwa moto huficha mengi: moshi wa asubuhi, mlio wa cheni ya taiming kabla oili haijapanda, na redieta isiyoweza kufunguliwa. Jibu si kugombana. Ni kukaa chini ya mwembe saa moja unusu, gari limezimwa, hadi mfuniko wa redieta uweze kushikwa kwa mkono mtupu.

Ulipofunguliwa, maji yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Hili ndilo kosa la kwanza la Mombasa na wageni wa bara hawalijui. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Fundi wa barabarani akikosa kulanti hujaza ya kisima, na chumvi ikikutana na aluminiamu ya injini na redieta huanza kula kimya kimya. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Wa pili pampu ya maji inaanza kuvuja, thamostati inakwama, na redieta inaziba chini ambako hewa ya feni haisaidii. Siku moja kwenye mlima wa Mazeras kipimo cha joto kinapanda. Injini ya Wish hii, 2ZR-FAE, ni injini nzuri yenye cheni badala ya mkanda, lakini kichwa chake cha aluminiamu hakisamehe kuchemka.

Mashine ya kusoma makosa ilichomekwa. Makosa sufuri. Dalali akatabasamu. Lakini mashine hiyo hiyo ina ukurasa mwingine unaoonyesha kama gari limemaliza kujipima lenyewe: kihisi cha oksijeni, katalisti, mvuke wa tanki. Vipimo vingi vilikuwa havijakamilika. Maana yake ni moja kati ya mbili: betri ilitolewa juzi, au kumbukumbu ya makosa ilifutwa. Gari linalotumika kila siku huwa limekamilisha vingi vya vipimo hivyo. Kwa Wish ya injini hii, kosa linalofutwa mara nyingi ni la kifaa cha Valvematic kinachoendesha vali za kuingiza hewa. Kikiharibika taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu, na si kitu cha bei ya plagi.

Halafu giaboksi. Ni CVT, yaani haina gia za kupanda moja moja. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili. CVT haipimwi kwa kuzunguka mtaa. Ipelekwe hadi Mtwapa na kurudi, kwenye foleni, dakika 40, ndipo ijaribiwe: mwendo wa 20 hadi 40, mguu mwepesi kwenye aksilereta, kisha kupanda kilima kidogo bila kukanyaga sana. Hapo Wish hii ikaanza kutetemeka kama inapita juu ya vibao vya kufulia. Ikiwa baridi, haitetemeki. Ndiyo sababu muuzaji hupenda kukupa safari ya dakika tano.

Chanzo cha kawaida ni mafuta. CVT za Toyota zina mafuta yake maalumu. Sienta, kwa mfano, hutumia aina ya FE. Fundi asiyejua hutia yale mekundu ya otomatiki ya zamani, gari linatembea vizuri miezi sita, kisha mkanda unaanza kuteleza juu ya puli na kuzichora. Puli ikishachorwa, kubadilisha mafuta hakurudishi kitu. Kwa hesabu ya kisa hiki giaboksi la mtumba kutoka Japani, pamoja na mafuta na kazi, ni si chini ya laki moja na nusu, na hulipati na dhamana ya maana.

Chini ya gari kutu ilikuwa pale inapotarajiwa: boliti za silensa zimekwisha vichwa, mabomba ya breki ya nyuma yana magamba, ekseli ya nyuma imechubuka. Hayo peke yake yasingeliangusha gari. Kilichoshangaza zaidi ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri. Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu akapiga stata. Mita ilionyesha volti 0.8, na haipaswi kuzidi 0.2 au 0.3. Waya wa ethi umeoza ndani ya gamba lake. Huku pwani ugonjwa huu humfanya mtu anunue betri, kisha alternator, kisha stata, wakati waya wa mia chache ndio uliokuwa mgonjwa. Kwa Wish hii hilo lilikuwa habari njema, la pekee asubuhi hiyo.

Pampu ya maji, redieta, thamostati, giaboksi, mabomba ya breki. Zile laki nne za miaka mitano zinaliwa zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza. Dalali alishuka hadi 1,120,000. Kwa hali hiyo ingepaswa kushuka chini ya milioni moja, na hata hapo ni gari la mtu mwenye fundi wake na gari jingine la kwendea kazini.

Sienta tatu zenye sura moja

Yadini palikuwa na Sienta tatu, zote za 2018, zote nyeupe au fedha, zikipishana bei kwa elfu thelathini. Mnunuzi wa haraka angechagua rangi.

Ya kwanza ilikuwa na namba ya chasi inayoanza NCP175. Hiyo ni ya magurudumu manne kuvuta, yenye injini ya zamani ya 1NZ-FE. Injini hiyo haina neno. Mafundi wanaijua kama kiganja cha mkono. Tatizo ni inakotoka. Gari dogo la familia la kuvuta magurudumu manne nchini Japani hununuliwa zaidi sehemu za theluji, na huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Ilipoinuliwa, viungo vya nyuma vilikuwa vyekundu. Kwenye karatasi ya mnada ziliandikwa herufi S na C, yaani kutu na kutu iliyokula. Kuileta Mombasa gari iliyokwisha kuanza kuliwa na chumvi ni kumhamishia mgonjwa wa pumu jikoni.

Ya pili, NSP170, ilikuwa safi kupita zote. Mke akafungua buti na kulisifu kwa upana. Upana ule ulikuwa na sababu: viti vya tatu havikuwepo. Septemba 2018 Toyota ilitoa Sienta ya viti vitano, Funbase, na kwa nje huwezi kuitofautisha kirahisi na ya viti saba. Watu huagiza kwa picha na kugundua bandarini. Hesabu mikanda ya usalama kwenye picha, au soma idadi ya abiria kwenye cheti cha usafirishaji.

Ya tatu, NSP170 yenye viti saba, injini ya 2NR-FKE ya cc 1496, magurudumu ya mbele kuvuta. Karatasi ya mnada ilikuwa daraja la 4, ndani B, U2 kwenye mlango wa nyuma, yaani kibonyeo cha wastani, na W2, alama ya mahali palipopigwa rangi. Kilomita za mnada zilipishana na za dashibodi kwa makumi tu, ambazo ni za kuiendesha melini na bandarini. Karatasi hiyo isipokelewe kwa mkono wa muuzaji pekee. Namba ya chasi itafutwe kwenye huduma huru za rekodi za mnada. Kilomita zikiwa 70,000 dashibodini na 140,000 mnadani, hakuna mazungumzo.

Kuna pia NHP170, ile ya haibridi. Kwa foleni ya Nyali ingeokoa petroli zaidi. Hatukuipendekeza kwa familia hii kwa sababu moja: betri kubwa hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kichujio kidogo karibu na viti. Mchanga wa Bamburi, makombo ya biskuti na nywele za watoto huziba kichujio hicho, betri inapata joto, na umri wake unapungua. Mwenye kukisafisha kila miezi mitatu anafaidi. Mwenye watoto watatu husahau.

Udhaifu wa 2NR-FKE wa petroli nao usemwe. Vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, hukusanya masizi kwa gari la mwendo wa polepole. Dalili ni injini kutetemeka ikisimama na kuzima kwenye foleni. Dawa ni kuifungua na kuisafisha, mara nyingi hakuna cha kununua zaidi ya gasketi. Ule mfumo wa kujizima kwenye foleni nao unataka betri ya aina yake. Ukiweka betri ya kawaida inakufa mapema. Wengi hubonyeza kitufe cha kuuzima kila wakiwasha gari, na kwa joto letu, ambapo AC hukata kila injini inapolala, si vibaya.

Bibi naye apelekwe yadini

Hili hufanywa na wachache. Mtu hununua gari la watu sita akiwa peke yake.

Bibi alipanda kupitia mlango wa kuteleza wa kushoto. Sakafu ya Sienta iko chini, hivyo hakuhitaji kushikwa. Kwa Wish, yenye mlango wa kawaida, angepaswa kuinama kichwa na kupinda goti pamoja, na ndilo goti bovu. Jambo hili moja lilikuwa na uzito kuliko kilomita tatu za lita.

Kwa upande mwingine, kiti cha tatu ni cha watoto. Yule wa miaka 13 magoti yaligusa kiti cha mbele yake. Na kukifikia kiti hicho lazima kiti cha kati kikunjwe, kwa hiyo bibi akae upande mmoja na watoto wapitie wa pili, la sivyo kila kituo bibi atashuka. Viti vya tatu vikiwa wima, buti linabeba mifuko ya soko na si zaidi.

Uzito pia. Wajapani huhesabu abiria kwa kilo 55. Viti saba ni kilo 385. Watu wazima saba wa kilo 75 ni 525. Kimo cha chini cha Sienta hii ni karibu milimita 145 likiwa tupu, na likijaa tumbo linasugua matuta. Likoni maji yakipwa ndiyo mtihani: pantoni inashuka, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na gari lililojaa huburuza bampa ya mbele au huning'inia pale juu huku CVT ikilia. Abiria wa nyuma huteremka na kutembea, kama wanavyofanya wengine hata hivyo. Siku ya mizigo wapite barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji pantoni.

Mafundi watawashauri waliinue kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi. Inchi moja inavumilika. Zaidi ya hapo viungo vya CV, vile vinavyozungusha magurudumu ya mbele, vinafanya kazi kwa pembe isiyo yake, mipira yake inapasuka, mchanga unaingia, na ndani ya mwaka unasikia tak-tak-tak kila ukikata kona. Springi mpya za nyuma zenye nguvu kidogo hutoa nafuu bila madhara hayo.

Miezi mitatu ya kwanza

Wakiichukua ile Sienta ya tatu, elfu sitini zitengwe nje ya bei yake. Anayemaliza hela yote yadini huanza vibaya.

Mafuta ya CVT kwanza, maana huwezi kujua yalibadilishwa lini. Ni kumwaga na kujaza, karibu lita nne, si kusafisha kwa mashine ya shinikizo. Kipimo hufanywa mafuta yakiwa na joto la takriban nyuzi 40, yasomwe kwa mashine, injini ikiwa imewaka. Fundi anayejaza gari likiwa baridi hukosea. Yarudiwe kila kilomita 40,000. Kulanti ibadilishwe yote kwa ile ya waridi iliyochanganywa tayari, na lita moja ikae butini, ili siku ya dharura mtu asitafute kisima.

Chini ya gari papakwe kinga, lakini kwa mpangilio. Paoshwe kwa maji matamu, pakauke siku mbili kamili, kutu ndogo ipigwe brashi ya waya na kupakwa dawa ya kuigeuza, kisha nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Ile lami nyeusi ya haraka ikipakwa juu ya vumbi na chumvi hufunga adui ndani, na unakuja kugundua pale jeki inapotoboa. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe. Na wamuulize anayeosha magari mtaani maji yake ni ya wapi. Kama ni ya kisima, yaonje. Gari linalooshwa kila Jumamosi kwa maji ya chumvi huoza haraka kuliko la jirani lililojaa vumbi.

Reli ya mlango wa umeme isafishwe mchanga kwa brashi kila mwezi na kutiwa silikoni, si grisi. Grisi hushika mchanga, mlango unakuwa mzito, mota inavuta kwa nguvu hadi kebo yake inakatika, na hiyo kebo huuzwa pamoja na mota yake.

Kondensa ya AC, iliyo mbele kabisa, imwagiwe maji matamu kwa upole mara moja kwa wiki. Siku ya kununua ipimwe: gari lisimame juani dakika 15, kipimajoto kwenye tundu la katikati. Nyuzi 6 hadi 10 ni sawa. Ile Sienta ya tatu ilitoa 8.

Kwa safari ya Nairobi, keria juu ya paa inawezekana, lakini watu sita pamoja na keria kuanzia Mazeras hadi Voi, AC ikiwa imewaka, ndiyo kazi nzito kuliko zote ambazo CVT hii itapewa kwa mwaka. Mabegi mawili makubwa yatumwe kwa basi la usiku wa kuamkia safari, yakawasubiri Nairobi.